Kunyonyesha kwa Ubavu

Watu wakimuuliza mama yangu alikuwa anafanya kazi gani, hujibu, "Nilikuwa nanyoosha," kisha hunyamaza, kana kwamba dunia nzima inajua kilichokuwa kinanyooshwa. Ni shuka. Alinyoosha mashuka ya nyumba ya wageni tangu usichana wake mpaka magoti yalipomgomea, ndani ya chumba kirefu nyuma ya jiko, juu ya meza iliyotandikwa blanketi lenye alama nyeusi za pasi za wanagenzi. Wenzake walimwita Mama Pasi. Jina likamfuata mpaka nyumbani, na sisi wanawe wawili tukawa tunalitumia akiwa hayupo, na siku hizi hata akiwapo.

Mtu aliyekaa na shuka muda wote huo hukiona kitanda kwa jicho lake. Kwa Mama Pasi, kitanda kikishatandikwa asubuhi kimefungwa kama duka, na hakifunguliwi mpaka giza liingie. Ukijilaza mchana, basi wewe ni mgonjwa, au mvivu, au mgeni uliyelipia chumba. Sisi hatukuwa wageni, na uvivu haukuruhusiwa, kwa hiyo ilibaki njia moja tu ya kulala mchana, nayo iliambatana na dawa chungu. Mimi nimekua nikisinzia kwenye viti. Mpaka leo nikiegemea mto mchana nageuka kuangalia nani ananiona.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu na kibaraza cha mbele kilichoezekwa mabati, ambacho kaka yangu amekigeuza karakana. Kaka ni seremala. Anatengeneza vitanda, meza, milango, na mara moja moja jeneza, ambalo hulifanyia kazi nyuma ya nyumba ili wanunuzi wa vitanda wasilione. Ni mtu wa maneno machache, na sababu mojawapo ni kwamba anasikia machache. Sikio lake la kushoto halifanyi kazi kabisa. Mwenyewe huliita sikio la mapambo. Mteja anayetaka kupunguziwa bei akikosea upande, atabembeleza hewa mpaka achoke, na hutajua kama kweli kaka hakusikia.

Nyumbani kwetu ile methali ya sikio la kufa na dawa yake haitamkwi. Hakuna aliyeipiga marufuku. Shangazi yetu aliwahi kuitamka mezani, Mama Pasi akamtazama tu, na shangazi akamaliza kula kabla ya wenzake. Ukimuuliza Mama ilikuwaje sikio lile likawa vile, atakujibu kwa maneno mawili, "Alizaliwa hivyo," kisha atainuka kwenda kutafuta kitu cha kunyoosha.

Wifi yangu, mke wa kaka, ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi. Ndiye aliyekuwa akimuuzia kaka misumari, mpaka ikafika mahali kaka ananunua misumari isiyolingana na kazi yoyote aliyokuwa nayo. Ni mfupi, mchangamfu, anacheka mpaka majirani wanauliza kuna nini. Akitaka kusema na mumewe, kwanza huzunguka upande wa kulia, bila hata kufikiri, jinsi mtu anavyovua viatu mlangoni. Mama alimpenda kwa hilo kabla ya mengine yote, ingawa kusema "nakupenda" si miongoni mwa kazi alizofundishwa.

Wifi alijifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji. Tulimwita mtoto Bosi, kwa sababu alikuwa akikunja uso tu, nyumba nzima inasimama. Mshono wa mama yake ukaingia uchafu upande mmoja, ukafunguka kidogo, ikabidi arudi hospitali kusafishwa. Aliporudi nyumbani kwa mara ya pili, kulala aliweza. Kusimama aliweza, kwa kujishika ukutani. Kukaa ndiko kulikomshinda. Kila akikunja tumbo ili akae, uso ulimpauka, na mikono ikang'ang'ania chochote kilichokuwa karibu, ukiwemo mkono wangu.

Na Mama Pasi alikuwa na sheria moja ya kunyonyesha. Mama anakaa wima, kichwa cha mtoto kiko juu, macho ya mama yako wazi. Alikuwa tayari kufanya mengine yote. Alifua, alipika supu, alimkanda wifi miguu, alimwogesha Bosi kwa ustadi ambao mimi kuupata ningehitaji semina. Lakini kilio cha kunyonya kikianza, alikuwa anaingia chumbani, anamwinua mkwe wake kwa makwapa, anamkalisha kwenye kiti, anamkabidhi mtoto, kisha anasimama mbele yao kama msimamizi wa mtihani.

"Kaa wima, mwanangu."

"Nimekaa, Mama."

"Hujakaa. Umeegemea. Wima."

Wifi alinyoosha mgongo, akang'ata meno, na Bosi akaanza kuvuta. Maziwa yalikuwapo. Yalikuwa yanalowesha blauzi mtoto asipokuwapo. Lakini mtoto akishika ziwa, mama yake anakaza mwili mzima kwa maumivu, na maziwa nayo yanakataa kushuka. Bosi anavuta, anachoka, analia, anasinzia kwa kuchoka na si kwa kushiba, na baada ya muda mfupi tunaanza upya. Sisi tulidhani ni mtoto mkorofi. Watu wazima hupenda sana kumlaumu asiyeweza kujitetea.

Kaka aliona mateso yale akafanya analolijua. Alitengeneza kiti. Nasema bila upendeleo kwamba kilikuwa kiti kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza. Mbao alizokuwa amezificha kwa ajili ya mteja wa maana alizitoa, akazipiga randa, akazipiga msasa mpaka ukipitisha shavu huhisi kitu, akaweka mikono ya kuegemeza viwiko na mgongo uliopinda kidogo. Kosa lilikuwa moja. Alikianza siku wifi alipokwenda hospitali kubadilishiwa bandeji, na seremala hakati mbao bila kipimo, kwa hiyo alimpima mwanamke aliyekuwapo. Mwanamke aliyekuwapo alikuwa Mama Pasi, ambaye ana miguu ya ngazi.

Wifi akakaa. Nyayo zake zikaning'inia hewani kama za mtoto wa shule.

"Hamna shida," kaka akasema, "nitakata miguu." Alimaanisha ya kiti. Akakata. Akapitiliza kidogo. Sasa nyayo zikafika chini, lakini magoti yakapanda juu, tumbo likakunjika zaidi ya mwanzo, na wifi akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Kaka akatengeneza kibao cha kuinua kiti. Kiti kikawa kinayumba. Mwishowe mimi ndiye ninayekalia kiti kile, na nakiri kinafaa sana kwa kusinzia.

Siku ya kliniki nilimsindikiza wifi. Muuguzi alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini, na mizani yake ilikuwa ya kuning'iniza, yenye suruali ya turubai ambamo watoto wote huonekana kama wafungwa. Alimtia Bosi, akasoma, akamtoa, akamtia tena.

"Amepungua," akasema. "Maziwa unayo?"

"Yanamwagika," wifi akajibu.

"Basi hayamfikii. Unamnyonyeshaje?"

Wifi akaeleza habari ya kukaa wima. Alipofika kwenye mshono akaanza kulia, na mimi nikamalizia. Muuguzi hakutoa hotuba. Aliweka wazi tu kwamba atampima tena wiki inayofuata. Kama mtoto hajaongezeka, watamlaza wodini wamwangalie, na wataanza kumpa maziwa ya kopo. Kisha akafunga pazia, akamwambia wifi apande kwenye kitanda cha kupimia wagonjwa alale kwa ubavu. Akamwekea mto mmoja chini ya kichwa, mwingine nyuma ya mgongo, akamlaza Bosi naye kwa ubavu, tumbo kwa tumbo na mama yake, pua ikiwa wazi, mdomo usawa wa chuchu.

Nilisikia kitu nikadhani ni bomba. Lilikuwa koo la Bosi. Anameza. Anavuta, anameza, anavuta, anameza, na mkono wake mdogo umefunguka juu ya ziwa badala ya kukunjwa ngumi. Wifi alikuwa ametazama pazia, machozi yanaingia kwenye nywele, na alikuwa anacheka. Mimi si mtu wa kulia kliniki, lakini siku hiyo niliangalia bango la chanjo kwa muda mrefu kuliko linavyostahili.

"Usijifunike blanketi zito," muuguzi akasema, "na mtu awe anachungulia usije ukapitiwa na usingizi. Akimaliza, mrudishe mahali pake. Hivyo tu."

Tulirudi nyumbani na habari hiyo kama watu walioshinda bahati nasibu. Mama Pasi alikuwa anakunja nepi. Alisikiliza mpaka mwisho, akamaliza kukunja ile iliyokuwa mkononi, akailinganisha pembe kwa pembe.

"Katika nyumba hii," akasema, "hakuna mtoto atakayenyonya mama yake amelala."

"Ni muuguzi aliyesema, Mama," wifi akasema.

"Muuguzi ana mtoto?"

"Sijamuuliza."

"Kamuulize."

"Mama," nikaingilia, "mtoto amepungua. Wiki ijayo watamlaza."

"Atakaa wima na mtoto ataongezeka. Mimi nitamshika mgongo mkwe wangu. Nitamshika mchana kutwa kama ni lazima."

Na kweli alimshika. Alikaa nyuma ya wifi, akawa ukuta, akamwegemeza kifuani pake na kumbeba nusu ya uzito, magoti yake mabovu yakitetemeka. Mtu asingeweza kusema hampendi. Bosi akavuta, akachoka, akalia. Wifi hakumbishia mama mkwe wake, maana hakulelewa hivyo, lakini Mama alipotoka wifi alinitazama kwa namna ambayo ilinifanya nifunge mlango.

"Wifi," akaninong'oneza, "mimi namnyonyesha nimelala. Utanilinda?"

"Nitakulinda."

Hivyo ndivyo mimi, mwanamke mzima mwenye biashara yangu ya vitambaa, nilivyogeuka mlinzi wa mlango wa chumba cha kaka yangu. Mama akienda sokoni, wifi analala ubavu. Mama akienda kuanika, wifi analala ubavu. Mimi nakaa kizingitini na kitambaa cha kudarizi ambacho hakikusonga mbele hata ua moja, na nikisikia ndara za Mama nakohoa. Nilikohoa sana siku zile, hata Mama akaniandalia tangawizi. Ndani, Bosi alikuwa anameza. Alianza kulala usingizi wa mtu aliyekula. Mashavu sikuyaona yakijaa, maana anayemwona mtoto kila saa haoni kitu, lakini kilio chake kilibadilika. Sasa kilikuwa cha kudai, si cha kuomba.

Tulificha vizuri kila kitu isipokuwa kimoja. Ziwa moja likinyonywa, lingine hutiririka, na mtu akilala ubavu lile lingine hutiririka kwenye shuka. Wifi aliliona doa akalifua mwenyewe haraka, kwa maji ya moto, akidhani moto ndio unaosafisha. Akaanika, likakauka, shuka likawa jeupe kabisa. Tukalikunja tukaliweka pamoja na mengine ya kunyooshwa. Karani wa misumari na muuza vitambaa, tukidhani tumemshinda mtu aliyenyoosha shuka maisha yake yote.

Mama aliita kutoka sebuleni. Hakupaza sauti.

"Njoni wote wawili."

Wifi alikuja akijishika ukutani, Bosi begani mwangu. Shuka lilikuwa limetandazwa mezani. Katikati yake, kidogo upande wa ukutani, palikuwa na duara la manjano hafifu, na sebule ilikuwa na harufu ya maziwa yaliyoungua.

"Hili ni doa gani?" Mama akauliza.

"La chai," nikasema. "Chai ya maziwa. Niliimwaga mimi."

"Chai huonekana kabla ya pasi. Hili limetoka baada ya pasi. Ni maziwa matupu, na mmeyafua kwa maji ya moto, yakashika uzi." Akaweka kiganja juu ya duara. "Anayenyonyesha amekaa hudondosha ukingoni mwa kitanda, au mapajani. Hapa ni kifua cha mtu aliyelala ubavu."

Kusimama mbele ya Mama Pasi na shuka ni kusimama mbele ya hakimu aliyekuwapo siku ya tukio.

Wifi akasema, "Ni mimi, Mama. Nisamehe. Lakini ananyonya. Nikilala ananyonya, anashiba."

Mama aliizima pasi. Akaja akamtoa Bosi begani mwangu, hakumnyakua, alimtoa kwa uangalifu wake wote, akaingia naye chumbani kwake. Tukamfuata. Alikuwa amesimama katikati ya chumba kile kilichonyooka kama kambi, mtoto kifuani.

"Kuanzia leo atakula kopo," akasema. "Nitanunua mimi. Nitamlisha mimi, wima. Bora kopo kuliko..." Hakumaliza.

Bosi akaanza kutafuta ziwa kwenye kifua cha bibi yake, akalikosa, akakunja uso. Kilio kikaja. Na blauzi ya wifi ikalowa pande zote mbili, hapo hapo, tukiona.

Wifi aliuachia ukuta. Akasimama bila kujishika.

"Mama, nipe mtoto wangu."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini halikuwamo neno "tafadhali," na tulilisikia pengo lake wote watatu. Mama alirudi nyuma hatua moja. Mimi nilimwona mama yangu akimwogopa mtu kwa mara ya kwanza, na aliyemwogopa si wifi. Alikuwa anamtazama mtoto.

Kaka alikuwa ameshasimama mlangoni. Kilio kilimfikia hata yeye. Vumbi la mbao lilikuwa kwenye nyusi, penseli nyuma ya sikio zima. Akaingia, akajikuta katikati, mama yake kushoto kwake, mkewe kulia.

"Kuna nini?"

"Mama anasema nitamdhuru mtoto nikimnyonyesha nimelala," wifi akasema. "Hasemi nitamdhuru nini. Namuomba anieleze, nitamsikiliza. Akinieleza nitakaa hata juu ya misumari."

Mama akasema neno moja. Mimi nililisikia. Kaka hakulisikia, maana lilitoka upande wa mapambo.

"Umesemaje, Mama?" akauliza, akigeuza kichwa.

Ilikuwa nafasi yake. Angeweza kusema "Hakuna kitu," kama alivyosema mara elfu. Angeweza kurudi kwenye pasi. Nilimwona akiifikiria nafasi hiyo. Kisha akatembea na mtoto anayelia, akazunguka nyuma ya mgongo wa mwanawe, akaja kusimama upande wa kulia.

"Nimesema, sikio," akasema. "Sikio lako. Hukuzaliwa hivyo."

Kaka akaitoa penseli nyuma ya sikio.

"Nilikuwa narudi kutoka kazini miguu imevimba. Kwenye meza ile nilisimama tangu alfajiri. Nikifika najitupa kitandani, nakupa ziwa, na usingizi unanichukua kabla hujamaliza. Nikiamka, maziwa yametiririka shavuni kwako mpaka ndani ya sikio. Limejaa. Nafuta. Kesho yake yale yale. Si mara moja, mwanangu, usidhani ni mara moja. Baadaye sikio likaanza kutoa usaha, likanuka, ukalia juma zima. Nikakupeleka kwa daktari. Akaniuliza mbele ya foleni yote, 'Unamnyonyesha umelala?' Wanawake wote wakanigeukia. Nikasema hapana." Alikuwa anambembeleza Bosi kwa kumpigapiga mgongoni huku anasema, na mkono haukukosea mapigo. "Nikasema hapana. Tangu siku ile nasema umezaliwa hivyo. Na wewe ukakua unanigeuzia sikio zima kila nikikuita, na kila ukigeuka naona."

Baadaye nilimuuliza muuguzi. Alisema masikio ya watoto huumwa kwa mambo mengi, mafua tu yanatosha, na hata wanaonyonyeshwa wima huumwa. Ilikuwa maziwa au haikuwa, alisema, leo hakuna wa kujua. Lakini hilo lilikuwa la baadaye. Pale chumbani hapakuwa na muuguzi. Palikuwa na mama yangu, ambaye alikuwa ameamini jambo moja muda wote niliomfahamu, akalinyamazia, na kumbe kila "kaa wima" aliyomwambia mkwe wake alikuwa anajiambia mwenyewe.

Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani. Nadhani daktari yule, aliyekuwa na mlango wa kufunga na asiufunge.

Kaka alifikiri. Yeye hafikiri haraka, anafikiri kama anavyopima mbao, anarudia mara mbili kabla ya kukata. Bosi alikuwa amechoka kulia, anatoa ile sauti ya kukwaruza ya mtoto aliyekata tamaa. Wifi alikuwa ameziba kifua kwa mikono miwili na maziwa yalikuwa yanapita katikati ya vidole.

"Nilikuwa nashiba?" kaka akauliza.

Mama hakuelewa. "Nini?"

"Ukininyonyesha hivyo, umelala. Nilikuwa nashiba?"

Mama alimtazama mwanawe, jitu lile la kuziba mlango, lenye vumbi la mbao.

"Ulikuwa unashiba," akasema. "Ulikuwa unashiba mpaka yanakurudi puani."

"Basi, Mama," kaka akasema. "Mpe mama yake, na huyu naye ashibe."

Sijui kama msamaha una sura nyingine. Huo ndio niliouona mimi. Mama Pasi akasema, "Mkwe wangu, panda hapo." Alimaanisha kitanda chake mwenyewe, kilichotandikwa, na jua lilikuwa bado liko juu ya mabati.

Wifi akapanda taratibu, akalala ubavu. Mama akachukua mto wake akausukuma nyuma ya mgongo wa wifi, akamlaza Bosi tumbo kwa tumbo, akamwinua kichwa kidogo kwa kiwiko cha mama yake, akamlengesha mdomo. Muuguzi alihitaji muda na maelezo kufanya hivyo. Mama hakuhitaji hata kuangalia. Mikono yake ilikuwa inaijua kazi hiyo tangu zamani, na ilikuwa imekatazwa kuifanya muda wote huo.

Mizani ya kliniki ilikuja kupanda, muuguzi akafurahi, Bosi akatolewa kwenye ile suruali ya turubai akiwa na hasira za mtu mzito. Lakini mimi nilikuwa nimeshajua, tangu mchana ule, nilipolisikia koo lake na kaka akainama sana ili alisikie naye. Mama Pasi alikuwa amepiga magoti chini, yale magoti yasiyokubali kupigwa, amekunja ncha ya leso na kuiweka chini ya sikio la mjukuu wake. Alikuwa analia kwa sauti, kama mtoto, bila kujifuta, maana leso ilikuwa na kazi.